Shamba la mama, vyumba sita na sahani 70

Kwamba neema ya gesi inaondoka Mtwara sikusikia redioni wala sikusoma gazetini, mi nilijulia kwenye sahani. Jumapili jioni msimamizi wa kempu ya vibarua niliyokuwa naipikia kanipigia, mama kesho lete sahani 70 kama kawaida ila kuanzia Jumatano lete 40, namuuliza kuna nini anasema hajui, amri imetoka juu. Huko juu ni wapi hakusema na mi sikumbana, nikajua labda vijana wameenda likizo. Wiki kadhaa mbele pale kempu kamebaki mlinzi mmoja na mbuzi wanakula majani getini, na daftari langu lina deni la milioni 12 na laki nane ambalo mpaka leo sijalipwa hata senti.

Naandika haya kwa sababu maneno ya gesi yameanza tena, safari hii upande wa Lindi, na mtoto wa marehemu dada yangu juzi kaja kuniomba hela ya kiwanja. Nikaona badala ya kumfokea nimuandikie yeye na wenzie yote niliyopitia, maana mdomoni nikianza naishia kulia.

Mi nimezaliwa Mtwara, kata ya Reli. Wageni huwa wanauliza reli iko wapi, reli haipo. Waingereza mwaka 1947 walianzisha mradi wa karanga, moja ya sehemu ilikuwa Nachingwea, ikajengwa reli na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara ili karanga zipakiwe melini. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa 1951, bandari inakamilika karanga hakuna, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Babu mzaa mama alikuwa kibarua kwenye hiyo reli. Alikuwa anatuhadithia kwamba ukifika wakati wa mshahara watu walikuwa wanaimba njia nzima, na mashamba ya mtama na muhogo yameachwa nyasi, siku mzungu alipofunga vitabu watu wakarudi shamba kukuta msitu. Nilikuwa naisikiliza kama hadithi za zamani tu, sikuwahi kufikiria nami ningekuja kuwa na ya kwangu.

Gesi yenyewe si ya juzi. Agip wa Italia waliipata Mnazi Bay kule Msimbati mwaka 1982, wakaona soko hakuna wakaiacha hapohapo, imelala zaidi ya miaka 20. Ndo 2004 wakaja Artumas kutoka Kanada wakaingia mkataba na serikali, gesi ikavutwa mpaka mjini kufua umeme. Nyie wa sasa hamjui, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, likikosa mafuta mji mzima giza. Ulipokuja umeme wa gesi nikanunua friji, mkopo wa kikoba, nikaacha kuuza uji na vitumbua asubuhi tu nikaanza kupika mchana karibu na njia ya bandarini. Wali samaki, ugali wa muhogo, kisamvu, msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, nachemsha na ming'oko. Friji ile ndo ilinitoa, nikisema gesi ilinisaidia nasema kweli kabisa, sina chuki nayo.

Sasa 2009 Artumas wakawa hoi kifedha, uendeshaji ukachukuliwa na Maurel & Prom wa Ufaransa, mwaka uliofuata Artumas wenyewe wakabadili jina wakaitwa Wentworth. Mi haya nimekuja kuyajua miaka mingi baadae, wakati ule tulichokuwa tunakiona mtaani ni stika za milango ya magari tu.

Halafu ndo ikaja kuchele yenyewe. Kuanzia 2010 meli za kuchimba zikawa baharini kwenye kina kirefu, BG wa Uingereza na Ophir upande mmoja, Statoil wa Norwei na ExxonMobil upande mwingine, na bandari yetu ikawa kituo cha kupakilia mabomba, saruji, vyakula, kila kitu cha kwenda huko melini. Mtwara kuchele, ndo neno lilikuwa midomoni, kumekucha. Gesti zimejaa mpaka watu wanalala kwenye magari. Watu kutoka Dar, Moshi, Mbeya wanashuka na mabegi wanauliza viwanja. Nyumba za mtaa wa Shangani hapa mjini zinapangishwa kwa dola, sikudanganyi, mji ambao mwalimu alikuwa anapanga chumba kwa elfu kumi na tano.

Kuna kitu nilikuwa nakipenda sana enzi hizo. Visima vya huko baharini walivipa majina ya Kiswahili, BG na Ophir waliviita Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa, na wale Statoil wakaviita Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligiliani. Mteja wangu mmoja wa bandarini alinisomea orodha kwenye simu nikiwa nakaanga jodari, yaani nilisimama na kijiko mkononi. Upande mmoja samaki, upande wa pili viungo, nikasema basi hii ni sufuria yangu, Mungu kaniandikia. Kwa mtu kama mimi ile ilikuwa kama kuitwa jina.

Mwaka 2012 nikapata oda kwenye kempu. Kempu si ya kampuni ya gesi, hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Kulikuwa na kampuni ya gesi, chini yake kuna kampuni ya kuihudumia, chini yake kuna ya ketaring, na ya ketaring nayo ikazidiwa ikatafuta mama wa mtaani wa kuwapikia vibarua wazawa chakula cha mchana. Huyo mama ndo mimi. Sahani 70 kwa siku, sahani elfu 4, siku 26 kwa mwezi, malipo baada ya siku 60. Nikiwa na wasichana watano, sufuria kubwa tatu, kirikuu cha kukodi. Mwezi nauza zaidi ya milioni saba, mtu niliyeanza na sinia la vitumbua. Mkataba ulikuwa karatasi moja, imegongwa muhuri wa ofisi moja iliyokuwa Shangani, sahihi ya msimamizi, basi.

Na hapo ndo likaja la shamba.

Kwetu ardhi inatembea kwa upande wa mama. Mama yangu alikuwa na ekari tatu njia ya kwenda Naliendele, mikorosho sabini na kitu, kapewa na mjomba wake. Mikorosho mikubwa ile ya zamani, matawi yanagusa chini unaingia ndani kama nyumba, tulikuwa tunajificha humo tukiwa watoto tunakula mabibo mpaka midomo inababuka. Akaja dalali na mteja wa Dar, milioni tisa taslimu. Ekari ambazo miaka mitano nyuma hata laki tano hupati. Nikamfuata mjomba, mjomba akasema ardhi haiozi mwanangu, hela inaoza. Nikamjibu mjomba zama zimebadilika, mji unakuja mpaka hapa, tusipouza wenyewe tutahamishwa. Nikambembeleza mama wiki nzima. Mama hakusema sitaki, alisema kama wewe ndo unayenilisha basi fanya. Siku ya kusaini alishika shina la mkorosho wa mwanzo kabisa pale mpakani, akabandua gamba kidogo akaliweka kwenye pindo la kanga akafunga. Hakuongea njia nzima.

Milioni tisa nikaongezea mkopo wa benki milioni 15, nikajenga vyumba sita, kila kimoja na choo chake ndani, vigae, feni, kwa ajili ya wageni wa gesi. Viwili vya kwanza nilipangisha laki mbili na nusu kwa mwezi kabla hata rangi haijakauka.

Mwaka 2013 wote mnaujua. Watu walisema gesi haitoki, maana serikali ilishaamua bomba liende Dar na watu walitaka viwanda vijengwe huku kwanza. Tarehe 22 Mei bajeti ya wizara ya nishati inasomwa Dodoma, huku mji unawaka, watu walikufa, wanajeshi wakaletwa. Nilijifungia ndani siku tatu na wasichana wangu, chakula cha watu 70 kimeoza kwenye ndoo. Sitaki kulizungumza sana hili, kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Ila nasema tu waliokuwa barabarani hawakuwa wahuni wote kama walivyosemwa, wengi walikuwa wanauliza swali lile lile ninalouliza mimi hapa, hii mali ikipita mlangoni kwetu sisi tunabaki na nini.

Bomba likajengwa, mkopo wa benki ya Exim ya China, wakandarasi Wachina, kilometa zaidi ya 500 ukijumlisha na kipande cha kutoka kisiwa cha Songosongo, na kiwanda cha kusafisha gesi Madimba. 2015 likakamilika. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kikazinduliwa, kwa hiyo mtu wa kawaida alikuwa anaona mji bado unapanda. Lakini kumbe chini maji yalishaanza kupwa. Bei ya mafuta duniani iliporomoka tangu katikati ya 2014, kutoka dola mia na kitu kwa pipa mpaka chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Kampuni zikaacha kuchimba visima vipya. Na Februari 2016 Shell wakamaliza kuinunua BG nzima, dunia nzima, sisi Mtwara tukiwa kama punje ya mchele ndani ya gunia. Aliyenunua gunia hakuwa na haraka na punje. Meli ziliondoka moja moja. Unajua bandari ikiwa na meli usiku unaona taa zake kutoka ufukweni, mimi nilikuwa nazihesabu nikifunga banda, tano, tatu, moja, halafu usiku mmoja bahari nyeusi tupu.

Sahani 70 zikawa 40, zikawa 25, zikawa hakuna. Invoisi zangu mbili za mwisho zilikuwa hazijafika siku 60. Nikaenda Shangani pale ofisini, nakuta mlinzi anakunja zulia. Nikauliza bosi, kahamia Dar. Nikapiga simu, inaita, baadae haiiti. Nikaenda kwenye ile kampuni iliyo juu yao, dada wa mapokezi mpole kabisa kaniletea na maji, akaniambia mama sisi tulishamlipa kontrakta, deni lako ni la kwake. Nikaenda juu zaidi, wakaniambia hata hilo jina la ketaring hawalijui, na umiliki umebadilika, mafaili ya zamani yamefungwa. Nilikaa nje kwenye ngazi na daftari langu, nikagundua kwamba miaka minne yote nilikuwa najiona nafanya kazi na kampuni ya gesi, kumbe kwenye karatasi zao sikuwahi kuwepo. Ningedai hata malipo ya awali ya nusu mwezi, au oda ya maandishi yenye jina la yule wa juu kabisa, au ningekataa siku 60 nikasema 14, labda wangenikatalia na ningekosa kazi, lakini nisingekuwa nimewakopesha matajiri kwa hela ya mkorosho wa mama.

Vyumba vikabaki vitupu. Laki mbili na nusu ikashuka mpaka elfu 60, na mpangaji mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo analipa kwa mafungu. Benki hawajui habari za Shell, marejesho ni tarehe 5. Nikauza friza mbili, nikauza sufuria kubwa, nikarudi kuuza uji.

Halafu msimu wa 2017 korosho ikapanda, kilo ilivuka shilingi 4,000 mnadani. Mji ukafurika hela ya korosho, watu wa vijijini wananunua bodaboda mbili mbili. Nilikaa na mama barazani nikapiga hesabu kichwani, mikorosho 70, mti uliotunzwa na kupigwa salfa hukosi kilo kumi, ni kilo 700, milioni mbili na laki nane kwa msimu mmoja, na mti hauhitaji mkataba na mtu. Mama alikuwa ananiangalia, nadhani na yeye alikuwa anapiga hesabu hiyohiyo. Hakunisimanga hata siku moja, na hilo ndo linaniuma kuliko lile deni. Kweli mwaka uliofuata korosho nayo ikayumba, wanunuzi wakagoma na serikali ikaingia kununua kwa 3,300 na jeshi likabeba, kuna watu walichelewa sana kulipwa, sisemi korosho ni pepo. Ila ikianguka bei mti unabaki wako.

Kitu kingine nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni hiki. Tulikuwa tunabishana vijiweni nani kanunua, Mfaransa, Muingereza, Mchina, nani ana roho nzuri. Angalia Mnazi Bay. Mwaka 2017 Maurel & Prom yenyewe ikaingia mikononi mwa Pertamina, shirika la mafuta la Indonesia. Mwishoni mwa 2023 Maurel & Prom wakainunua Wentworth, na TPDC, shirika letu la mafuta la serikali, ikaongeza hisa mpaka asilimia 40. Mmiliki kabadilika mara zote hizo na gesi inaendelea kwenda Dar, na mimi sahani zangu hazikuongezeka wala kupungua hata moja. Kwa nini? Kwa sababu kisima kikishakamilika hakihitaji watu. Wanaokula ni wakati wa kutafuta na wakati wa kujenga, madereva, wachomeleaji, vibarua, walinzi, wapimaji. Ikishaanza kutoka, pale Madimba mafundi wachache wanaangalia skrini na bomba linafanya kazi yenyewe. Hela inakuwepo, nyingi, ila inapita chini ya ardhi, kwetu inarudi kwa njia ya ushuru wa huduma unaoingia halmashauri, na hiyo ukiitaka inabidi uende kwenye kikao cha kijiji uulize imejenga darasa gani, haiji yenyewe kununua wali. Sisi tuliona ujenzi tukadhani ndo maisha yenyewe. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia kuna kampuni imekuja simuulizi ya nani, namuuliza wanatafuta, wanajenga au wanatoa, na wakimaliza hiyo hatua ni lini.

Kuanzia mwishoni mwa 2021 bandari imechangamka tena, safari hii makaa ya mawe kutoka Ruvuma, malori yanashuka mpaka vumbi jeusi linatua kwenye vifuniko vya sufuria. Napikia madereva. Hawa nawapenda, dereva anakula analipa anaondoka. Kuna kampuni ya malori ilinifuata ikataka nipike kwa mkopo wa mwezi, nikawaambia wiki moja, nusu kabla, wakacheka wakaondoka, baada ya siku nne wakarudi na hela.

Sasa huyu kijana wangu. Kasikia mradi wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, ule wa mabilioni ya dola, makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma Juni 2022, kampuni ni zilezile tulizozijua sisi, Shell waliorithi BG, na Statoil ambao siku hizi wanaitwa Equinor. Anataka tununue viwanja vitatu Lindi kabla bei haijapanda. Anasema mama mdogo safari hii ni kweli. Nami naamini inaweza kuwa kweli, simkatishi tamaa, kijana wa kusini asipoota atafanya nini. Nilimuuliza maswali mawili tu. Hela unatoa wapi? Akasema anauza sehemu yake ya shamba la upande wa baba. Kiwanja kikikaa miaka kumi bila mtu kujenga chochote utakula nini? Akakaa kimya.

Nikamtuma Naliendele kwenye kituo cha utafiti wa korosho, nikampa hela ya miche 30 ya kubebesha, nikamwambia ikija na mvua ya kwanza tutaipanda kwenye hilo hilo shamba analotaka kuliuza, halafu mwakani aje tena tuzungumze viwanja. Miche iko uani chini ya kivuli cha mwembe, kila jioni mama anainuka na kopo lake anaimwagilia mwenyewe, hataki mtu mwingine aiguse.